Shamba Linalopakana na Msitu wa Taita: Mwachie Chura wa Dawida Majani Yake

Kama shamba lako katika Milima ya Taita, Kenya, linapakana na msitu wa Ngangao, Chawia, Vuria au Mbololo, una jirani asiyepatikana kwingine kokote duniani. Ni chura mdogo, mnene, mwenye ngozi ya vipele na rangi ya majani makavu. Hapendi kuruka, hutembea polepole. Usiku huweza kupanda vichaka vifupi, na mchana hujificha chini ya majani yaliyooza au gogo lililoanguka. Jina lake la kisayansi ni Callulina dawida.

Jina hilo bado ni jipya. Mwaka 1911 Mjerumani Fritz Nieden alimwandika chura wa Usambara, Tanzania, kwa jina la Callulina kreffti, na kwa miaka mingi chura wa Taita akahesabiwa kuwa ndiye huyo huyo. Mwaka 2004 chura wa Usambara Magharibi akatengwa na kupewa jina lake, Callulina kisiwamsitu. Zamu ya Taita ikafika mwaka 2009, pale Loader, Measey, de Sá na Malonza, huyu wa mwisho akiwa mtaalamu wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, walipoonyesha kwamba wa kwetu ni spishi kivyake.

Mkulima atauliza jina la kigeni linamhusu nini. Linamhusu sana. Alipohesabiwa kuwa chura wa Usambara, angetoweka Taita na bado watu wangesema wengine wako Tanzania. Leo tunajua kwamba akiisha hapa, ameisha kabisa, na orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini imemweka katika daraja la hatari kubwa zaidi kabla ya kutoweka porini.

Eneo lake ni dogo na limekatika vipande. Milima ya Taita imesimama peke yake katikati ya nyika kavu ya Tsavo. Chura huyu anaishi juu tu, kwenye ukungu, ndani ya visehemu vya msitu wa asili vilivyobaki kati ya mashamba. Hawezi kushuka nyikani kutafuta makao mengine, na shamba tupu linalopigwa na jua ni kizuizi kwake. Kwa hiyo mkulima wa pembeni mwa msitu ana nguvu juu ya maisha yake kuliko mtu mwingine yeyote.

Jambo la kwanza, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote, ni majani yaliyoanguka. Chura huyu hatagi kwenye maji na hana viluwiluwi wa kuogelea. Jike hutaga mayai chini ya majani yenye unyevu, na vitoto hutoka vikiwa tayari ni vyura vidogo. Anayeingia msituni na reki na gunia kuzoa majani ya mboji au udongo wa kitalu anaweza kubeba kizazi kizima bila kujua. Tengeneza mboji kwa mabua ya mahindi, makapi ya maharagwe, majani ya migomba na samadi. Vyote viko shambani. Magogo yanayooza yaache yalipo, kwani hayafai sana jikoni hata hivyo. Ukifukua pembeni mwa msitu na kukuta chura amekaa juu ya kifungu cha mayai, rudisha majani taratibu, uhamie sehemu nyingine.

Moto usitumike kusafisha shamba la mpakani. Hata usipoingia msituni, joto lake hukausha ukingo, na ukingo ukikauka msitu hupungua kwa ndani.

Kuhusu miti, usipande mikaratusi ukingoni mwa msitu wala kwenye chemchemi. Inakunywa maji mengi, na majani yake hayatengenezi zulia lenye unyevu kama la miti ya asili. Kanuni za Kenya za mwaka 2009 kuhusu miti shambani zilimtaka mkulima awe na miti kwenye asilimia 10 ya shamba. Ningekushauri asilimia hiyo uiweke upande wa msitu, kwa miche ya asili inayotokana na mbegu za hapo hapo Taita, na uiache idondoshe majani bila kufagiwa. Kwenye mteremko chimba matuta ya fanya juu, yaani mtaro ambao udongo wake hurushwa upande wa juu, na upande majani ya napia kingoni, ili udongo ubaki kwako na usitafute kipande kipya msituni.

Sitakuahidi kwamba chura huyu atamaliza viwavi kwenye mahindi yako. Anaishi msituni, na faida yake haipimwi kwa debe. Lakini zulia lile lile la majani linalomfunika ndilo linalonyonya mvua na kuiachia polepole kwenye mito mnayochotea.

Dawa za wadudu zisipulizwe upepo ukielekea msituni, na bomba la kupulizia lisioshewe kwenye kijito.

Tena, ukilima chini ya migomba au ukigeuza rundo la samadi, unaweza kukuta kiumbe kirefu kama mnyoo mkubwa. Si nyoka wala hana sumu ya kukudhuru. Ni Boulengerula taitana, ndugu wa mbali wa chura, ambaye huishi hata ndani ya udongo wa shamba. Usimkate kwa jembe. Mfunike udongo, uendelee na kazi.