Namna ya kubandua picha ya vigae vya kale

Nyundo iache kwanza, shika simu upige picha. Ukuta mzima, halafu kigae kimoja kimoja.

Mimi ni fundi wa vigae hapa Porto, Ureno, na hakuna kazi ninayoipenda kama ya azulejo, vile vigae vya buluu vilivyochorwa kwa mkono. Hii ninayoieleza ilikuwa kwenye ngazi za nyumba ya zamani: Nuno Álvares Pereira juu ya farasi, jemadari aliyewashinda Wakastilia, watu wa ufalme uliokuwa Hispania ya leo, pale Aljubarrota tarehe 14 Agosti 1385. Safu 8, kila safu vigae 12, kila kigae sentimita 14.

Ukuta ukiwa wa nje, anzia manispaa. Tangu 2017 sheria inakataza kuvibandua ovyo.

Chora ramani kwenye karatasi: safu kwa herufi, vigae kwa namba. Bandika kipande cha utepe wa karatasi juu ya kila kigae, andika hapo. Kalamu isiguse kigae chenyewe, kwani nyufa ndogo hunywa wino na hautoki tena. Kikishabanduka, geuza utazame mgongoni. Mara nyingi utakuta herufi na namba za karakana iliyokichora. Zisipolingana na zako, andika zote mbili. Farasi wetu mkia wake ulionekana kama umekatika, na wenye nyumba miaka yote walimlaumu mchoraji. Kumbe G11 na G12 vilipishana nafasi siku fulani vilipokarabatiwa! Nilifurahi siku nzima kwa ajili ya yule mchoraji.

Kubandua: gonga kwa kidole. Kinacholia utupu kimeshaachia, anza nacho. Kata kiungio kwa msumeno mwembamba, kisha ingiza patasi bapa nyuma, uchokonoe chokaa polepole, mkono mwingine ukikishikilia kigae. Ukikuta saruji, usilazimishe. Kata ukuta nyuma yake, utoke nacho na saruji yake, uipunguze mezani.

Kusafisha ni maji safi na pamba. Siki na dawa ya choo, hapana kabisa: tindikali hula chokaa na hudhuru rangi. Ukiona unga mweupe mgongoni, hiyo ni chumvi ya ukutani. Loweka kigae, badilisha maji kila siku, mpaka kikikauka unga usirudi. Ila kama rangi inabanduka magamba, usikiloweke, mpelekee mtaalamu wa uhifadhi.

Kurudisha, tumia chokaa na mchanga. Saruji ni ngumu kuliko kigae, na safari ijayo kitakachovunjika ni kigae. Panga kwanza vyote sakafuni, panda ngazi, tazama kutoka juu. Hapo ndipo nilipouona mkia umeungana, kwato mpaka ncha, nikaanza kukanda chokaa.