Kamera ya bei nafuu au ya bei ghali? Anza na lenzi

Kijana akija kwangu hapa karibu na soko la Kibuye, Kisumu, pesa za kamera zikiwa mfukoni, humuuliza kwanza: utapiga picha wapi, na saa ngapi?

Kama ni wavuvi wa Dunga asubuhi, mahafali, au familia mchana peupe, Canon EOS 2000D inakutosha. Usiogope kwamba ni ya bei nafuu. Ina megapikseli 24.1, na Canon 5D Mark III ninayoitumia sasa, mashine ya bei kubwa ilipotoka 2012, ina 22.3 tu.

Ugumu uko ndani ya nyumba. Kuna kanisa moja kule Vihiga lenye madirisha madogo na taa mbili. Bi harusi anaingia na gauni jeupe, ngozi yake nyeusi tititi, mwanga wote uko mgongoni mwake. Lenzi ya 18-55mm inayokuja na kamera za chini, ukiivuta hadi 55, tundu lake la kuingizia mwanga halifunguki kupita f/5.6 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa). Nikapandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, hadi 6400, uso ukajaa chenga. Sikubadilisha 2000D niliyokuwa nayo. Nilinunua lenzi ya 50mm f/1.8, inayoingiza mwanga karibu mara kumi zaidi. Harusi iliyofuata, kanisa lilelile, nilipiga kwa ISO 800, na shanga za shingoni ungeweza kuzihesabu moja moja.

Kwa hiyo pesa zikiwa chache, chukua mashine ya chini na lenzi nzuri. Kwa Canon, tafuta lenzi iliyoandikwa EF. EF-S haikai kwenye 5D, lakini EF inakaa kote kuwili. Ile 50mm yangu nimehama nayo. Ukipenda Nikon D3500, jua kwamba haina mota ya fokasi, ile inayozungusha lenzi ili picha iwe kali, ndani yake, hivyo lenzi za zamani za AF-D utazizungusha kwa mkono. Nunua AF-S au AF-P.

Mashine ya juu inunue siku utakapoanza kulipwa kwa jambo lisilorudiwa. Nilijifunza hili matangani, Siaya. Wana wa marehemu walikuwa wametoka mbali, wakasimama na mama yao kando ya jeneza, wote pamoja kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi. Jioni kadi ikakataa kusomeka. 2000D ina nafasi ya kadi moja tu, basi hapakuwa na nakala. Nilirudi kwa yule mama mikono mitupu. Aliniangalia, akasema, "Haya, mwanangu." Hadi leo nikipita barabara ile namkumbuka. 5D Mark III ina nafasi mbili, ya CF na ya SD, na unaweza kuiamuru iandike kila picha kwenye kadi zote mbili. Hilo ndilo nililolipia. Kuwa na pointi 61 za fokasi badala ya 9, na picha 6 kwa sekunde badala ya 3, kunasaidia watu wakianza kucheza, lakini kadi ya pili ndiyo inayonipa usingizi.

Wengi wetu tutainunua ikiwa imeshatumika, kwa hiyo usilipe kabla ya kuipima. Shata ya 5D Mark III, yaani pazia linalofunguka na kufungwa kila ukipiga picha, imetengenezwa kuhimili takriban picha 150,000. Muuzaji mmoja aliniapia kwamba yake haijatumika sana. Fundi alipoiunganisha na kompyuta, ilikuwa imepita 130,000. Niliiacha. Kwa Nikon, hesabu hiyo huandikwa ndani ya faili ya picha yenyewe. Kisha weka f/16, piga ukuta mweupe, ukuze picha: madoa meusi ni vumbi kwenye sensa, sehemu ya ndani inayopokea mwanga. Beba kadi zako mwenyewe, ujaribu nafasi zote mbili hapohapo mbele ya muuzaji.