Umegundulika na ADHD ukubwani? Namna ya kuacha kujiita mtu mzima hovyo

Mi niligundulika nina ADHD, ile hali ya ubongo inayofanya iwe ngumu kukaza akili, kutulia na kuzuia papara, nikiwa na miaka 39. Siku hiyo nilipotoka kwa daktari nilicheka, nikafika nje nikalia, usiku nikawakasirikia walimu wote walionifundisha, af wiki iliyofuata nikasahau miadi ya kwenda kuchukua ripoti yenyewe. Kwaiyo usitegemee hapa maelekezo ya mtu aliyejipanga, haya ni ya mtu aliyekaa na mwanasaikolojia mwaka na zaidi akijifunza kuacha kujiita mtu mzima hovyo.

Kwanza uhakikishe umepimwa kweli. Video za mtandaoni zimewafungua wengi macho, sawa, lakini kila binadamu husahau funguo. Kwa vigezo vya DSM-5, kile kitabu cha Wamarekani cha kutambua magonjwa ya akili, cha 2013, mtu wa miaka 17 kwenda juu anatakiwa awe na angalau dalili 5 za kutotulia akili au 5 za papara na kuhangaika, ziwe zinamharibia mambo sehemu zaidi ya moja, na baadhi ziwe zilianza kabla hajafika miaka 12. Zamani walikuwa wanasema kabla ya miaka 7, ndo maana wengi wetu tulipita katikati ya chekeche. Kuna fomu ya WHO inaitwa ASRS, maswali 18, yale 6 ya mwanzo ni ya kuchuja tu, yakikushika haimaanishi unayo, inamaanisha nenda kaonane na mtaalamu. Na mtaalamu wa maana atakuuliza utoto wako, usingizi wako, kama una depresheni au wasiwasi, hata tezi ya shingo, maana hivo vyote vinaweza kujifanya ADHD, au vikawa pamoja nayo.

Kuna daktari aliwahi kuniambia eti kwa vile nimemaliza chuo basi siwezi kuwa nayo, akafunga faili. Hakuuliza nilimalizaje. Nilimaliza kwa kuandika kila kitu usiku wa mwisho, moyo unadunda, maana bila hofu ubongo wangu ulikuwa hauwaki. Ukiambiwa hivo tafuta mwingine.

Sasa mwanasaikolojia. Watu wanachanganya, kwaiyo niseme: sehemu nyingi duniani mwanasaikolojia haandiki dawa, hiyo ni kazi ya daktari wa magonjwa ya akili. Na mi si mpinzani wa dawa hata kidogo, zinaongeza nguvu ya dopamini na noradrenalini, kemikali zinazopeleka ujumbe kwenye ubongo, na wengi zinawasaidia sana. Ila kidonge hakijui kwamba umejiita mvivu miaka 30. Hiyo ndo kazi ya mazungumzo. Kikao cha kwanza usione aibu kuuliza wewe: umeshashughulika na watu wazima wenye ADHD? Tukiachana hapa unanipa kazi ya kufanya nyumbani, na nisipoifanya tunafanyaje? Hilo la mwisho ndo swali kubwa. Akikujibu kwa ukali kama mwalimu wa zamu, ondoka. Wangu alisema, "Usipoifanya ndo tunapata cha kuchunguza," nikajua hapa nimefika.

Kujikubali kwenyewe mi nilidhani ni kusimama mbele ya kioo na kujisifia. Sio. Ilianza na daftari. Chora mstari katikati ya ukurasa, upande wa kushoto andika yale maneno unayojisemea ukiharibu kitu, yaandike yalivyo, usiyasafishe. Upande wa kulia andika kilichotokea hatua kwa hatua, kama vile kamera ilikuwa inakurekodi. Usiweke maneno matamu upande wa kulia, weka matukio.

Mfano wangu. Nilikuwa na droo imejaa bahasha sijazifungua, nyingine zina mwaka. Kushoto niliandika "mzembe, sijali mambo yangu". Mwanasaikolojia hakunibembeleza kwamba hapana wewe ni mtu mzuri, aliuliza tu, "Ukiishika bahasha mkononi, nini kinatokea?" Nikakaa kimya. Kinachotokea ni tumbo linabana, naona humo ndani kuna vitu vitano vya kufanya na sijui naanza na kipi, naiweka kwenye droo "kwa muda", na droo ikishafungwa ile bahasha haipo tena duniani. Akaniangalia, akasema, "Sasa kama hujali, tumbo linakubana la nini?"

Yani nilikuwa sijawahi kujiuliza. Kikao kilichofuata nilizibeba kwenye mfuko tukazifungua pale pale mezani kwake, zilikuwa 31. Nyingi zilishapitwa na wakati, nne tu ndo zilikuwa na kazi ya kweli, na moja, usicheke, ilikuwa ya kunirudishia hela zangu mwenyewe. Kile nilichokiita uzembe kumbe kilikuwa ubongo kugoma kuanza, na ukishajua kinaitwaje unaweza kukitafutia dawa yake: siku hizi nafungua bahasha nikiwa na mtu pembeni, hata kama yeye anafanya yake. Sijui kwa nini inafanya kazi ila inafanya.

Fanya hilo zoezi wiki tatu, sentensi moja kwa siku inatosha. Utaona maneno ya kushoto yanajirudia yale yale matatu manne. Jiulize ni sauti ya nani. Langu moja lilikuwa la ripoti ya shule neno kwa neno, "ana uwezo ila hana bidii".

Af kuna huzuni, na hii watu hawakuambii. Ukishafurahi kujua, inakuja "ningejua mapema". Kazi uliyoacha, mahusiano, masomo. Usiikimbie wala usikubali mtu akuharakishe kwa "mshukuru Mungu umejua". Mi niliambiwa niandike barua kwa yule mtoto niliyekuwa, niliona ni upuuzi, nikaandika mistari minne nikashindwa kuendelea kwa kulia. Kwa wanawake naona hii inauma zaidi, maana picha iliyokuwepo ya ADHD ni mvulana anayeruka juu ya madawati, binti aliyekaa kimya anaangalia nje ya dirisha nani angemshuku. Huzuni ikigeuka kuwa mawazo ya kutotaka kuishi, usisubiri kikao kijacho, mwambie mtu leo leo na utafute msaada wa dharura.

Vifaa sitavikalia sana, kila mtu anavyo. Alamu, kalenda ukutani, saa ya mishale unayoiona bila kushika simu (ukishika simu kuangalia saa umekwisha). Kitu kimoja tu: kikiacha kufanya kazi baada ya mwezi, badilisha bila kesi. Hukufeli, kimezoeleka.

Kuwaambia watu nenda taratibu. Kazini si lazima useme jina la hali, unaweza kuomba tu maelekezo kwa maandishi. Nyumbani sema, lakini uje na jambo la kufanya. Mke wangu aliposikia alisema, "Kwaiyo sasa ndo sitaruhusiwa kukasirika?" Swali halali kabisa. Nikimweka mtu asimame ananisubiri saa nzima, ADHD inaeleza kwa nini, lakini samahani bado ni yangu na njia ya kuzuia isijirudie ni yangu. Mama naye alinisikiliza mpaka mwisho akasema huo si ugonjwa, mbona hata yeye yuko hivyo hivyo tangu utoto. Tukaangaliana. Tafiti za mapacha zinaonyesha urithi unabeba karibu asilimia 70 mpaka 80, na mi nilikuwa nimekaa mbele ya hiyo asilimia ikitafuta miwani iliyokuwa kichwani kwake.

Wiki mbili zilizopita nilikosa kikao, nimesahau kabisa, nilikuwa nimezama kupanga waya za kompyuta kwa rangi. Zamani ningejificha mwezi mzima kwa aibu mpaka uhusiano ufe wenyewe. Safari hii yale maneno ya kushoto yalikuja, yote matatu, yakasimama hapo, nikapiga simu huku bado yamesimama, nikasema nimesahau, kuna nafasi lini. Akasema Alhamisi saa nne. Nikaandika kwenye mkono.