Somo: Kuchagua trela dogo la mizigo lililoundwa vizuri

Swali la trela dogo la kuvutwa na gari limeulizwa hapa mara nyingi mno, nami nimekuwa nikilijibu kwa vipande. Leo ninaandika yote mahali pamoja, na atakayeuliza tena ataelekezwa hapa. Shikeni jambo moja kabla ya yote: uzima wa trela hukaguliwa uvunguni. Mbao, rangi na taa hubadilishwa wakati wowote, lakini fremu iliyoundwa vibaya haitengenezeki kwa gharama yenye maana.

Hatua ya 1. Soma kitabu cha gari lako ujue uzito wa juu linaoruhusiwa kuvuta, ukitofautisha trela lenye breki na lisilo nazo.

Hatua ya 2. Tafuta kibati cha trela, yaani bamba dogo lililoandikwa uzito wake, kisha toa uzito wa trela tupu kwenye uzito wake wa juu; kinachobaki ndicho mzigo wako. Trela la kilo 750 lenye uzito mtupu wa kilo 180 hubeba kilo 570 tu. Chukua sanduku la urefu wa mita 2, upana wa mita 1.2 na kimo cha sentimita 40: ukilijaza mchanga mkavu, ambao mita yake moja ya ujazo hukaribia kilo 1,600, utakuwa umepakia takriban tani moja na nusu. Kilo 570 za mchanga huo hufikia kimo cha sentimita 15 hivi. Ukubwa wa sanduku, basi, hausemi lolote kuhusu uwezo wa kubeba.

Hatua ya 3. Lala chini na tochi utazame mkono wa trela, yaani chuma kinachotoka kwenye fremu kwenda kwenye gari. Hapa ndipo wanunuzi wengi hukosea, kwa sababu hawainami. Mkono mzuri hupita chini ya sakafu, hukamata vyuma kadhaa vya kukatiza, na ikiwezekana hufika hadi zinapofungwa springi. Mkono mbaya huishia kwenye chuma cha mbele na kushikwa na weldi peke yake, na kwa kuwa kila tuta la barabarani huukunja mkono juu na chini, ufa huanza papo hapo pa kiungo. Sugua uchafu sehemu hiyo na utazame kama kuna mstari mwembamba wa kutu unaofuata ukingo wa weldi; mara nyingi huo ni ufa. Tazama pia weldi yenyewe: iliyo nzuri imeyeyuka pamoja na vyuma vyote viwili, ina upana unaolingana na haina vishimo, ilhali mbaya imekaa juu kama tone la nta. Angalieni sana trela la zamani lililopakwa rangi mpya uvunguni tu, na msikubali kiraka kilichochomelewa kwa kukatiza mkono kutoka upande mmoja hadi mwingine, kwa maana joto lake hudhoofisha chuma pale pale kinapobeba nguvu nyingi. Muuzaji akikukataza kutazama uvunguni, ondoka.

Hatua ya 4. Hakikisha ekseli iko nyuma kidogo ya katikati ya sanduku, ili mzigo uliosambazwa sawasawa uegemee mbele.

Hatua ya 5. Linganisha kikombe cha kuungia kilicho kwenye ncha ya mkono na tufe la gari, yaani mpira wa chuma ulio nyuma ya gari ambao kikombe hicho huufunika. Lipo tufe la milimita 50, lipo la inchi 2 ambalo ni milimita 50.8, na lipo dogo la milimita 47.6. Kikombe kikubwa hufunga juu ya tufe dogo na kuonekana kimeshika, kisha hurukia nje kwenye shimo la kwanza. Soma namba zilizogongwa kwenye vyote viwili. Usikisie kwa macho.

Hatua ya 6. Soma namba zilizoandikwa ubavuni mwa kila tairi. Lenye namba 80 ya uwezo hubeba kilo 450, na lenye 84 kilo 500. Tarakimu nne za mwisho za msimbo wa tairi ni juma na mwaka lilipoundwa: 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019.

Hatua ya 7. Minyororo ya usalama ipishane chini ya mkono, ili kikombe kikichomoka mkono uangukie juu yake.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, maelezo ni marefu. Nitajie tu trela zuri ninunue.
Jibu: Sijui gari lako wala mzigo wako. Anza na hatua ya 1 na ya 2.

Swali: Mimi hupakia tani nzima kwenye trela la kilo 750 na halijavunjika. Huoni unawatisha watu?
Jibu: Chuma huchoka kidogo kidogo na hakitoi taarifa. Tena breki za gari lako hazikupimwa kwa uzito huo, na anayekuja mbele yako hakukubali kushiriki jaribio hilo. Sibadilishi neno.

Swali: Samahani mwalimu, umesema mzigo uegemee mbele. Nitajuaje kama umeegemea kiasi cha kutosha, nami sina mizani ya karakana?
Jibu: Umeuliza swali muhimu, ndugu yangu. Uzito unaokandamiza tufe ukiwa mdogo mno, trela huanza kuyumba kushoto na kulia kadiri mwendo unavyoongezeka. Wengi hulenga asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa trela, lakini kikomo kilichoandikwa kwa gari lako ndicho kinachotawala, na kwa magari madogo huwa chini zaidi. Mizani ya kupimia uzito wa mwili inatosha. Zuia magurudumu, kisha simamisha mkono juu ya kipande cha mbao kilichowekwa kwenye mizani, ukiwa katika kimo kilekile cha kuvutwa. Ukihofia kuivunja mizani, laza ubao imara, upande mmoja ukiegemea tofali na mwingine mizani, halafu uweke mkono wa trela kwenye theluthi ya urefu kutoka kwenye tofali. Ondoa kwanza uzito wa ubao wenyewe, kisha zidisha mizani inachosoma kwa 3.

Swali: Na likianza kuyumba njiani?
Jibu: Ondoa mguu kwenye mafuta, shikilia usukani ulionyooka, usikanyage breki ghafla. Likitulia, simama mahali salama usogeze mzigo mbele.

Swali: Springi za mabamba au ekseli ya mpira?
Jibu: Ekseli ya mpira, ambayo ndani yake mpira hufanya kazi ya springi, hutulia zaidi na haina sehemu nyingi za kusagika, lakini mpira ukichoka hubadilishwa ekseli nzima. Springi za mabamba hupiga kelele, ila bamba likivunjika fundi yeyote hulibadilisha. Ukipita barabara mbovu mbali na mafundi, chukua za mabamba.

Mchango wa mwanachama: Niongeze kuhusu beringi. Inua gurudumu kwa jeki, lishike juu na chini ulitikise, kisha lizungushe usikilize. Likicheza au likikwaruza, beringi zinahitaji kukazwa au kubadilishwa.
Jibu: Ahsante sana. Na baada ya safari fupi ya kwanza, sogeza kiganja karibu na kila kitovu cha gurudumu bila kukigusa kwanza: kimoja kikiwa na joto kuliko mwenzake, kifungue ukague grisi. Nati za magurudumu nazo zikazwe upya baada ya kilomita 50 hadi 100 za mwanzo.