Kulizuia Gari Kabla Halijafika Kwenye Kioo cha Duka

Mwizi anayevunja duka kwa kuligonga na gari hahitaji ufunguo wala muda mrefu: huja kwa kasi, mara nyingi kinyumenyume ili injini isiumie, hubomoa mlango, hupakia mali na kutokomea. Kamera na king'ora vina kazi yake, lakini haviwezi kulisimamisha gari. Hata mlango wa chuma wa kukunja, ambao humshinda mwenye nyundo na mtaimbo, hung'oka pamoja na fremu yake ukigongwa na gari, kwa hiyo ulinzi unapaswa kuanzia nje.

Simama mbele ya duka na utafute kila njia ambayo gari linaweza kupitia likiwa limeshika mwendo. Mwendo ndio wa kuogopwa zaidi, kwa kuwa nishati ya mgongano hukua kwa mraba wa kasi: gari la kilo 1,500 linalokwenda kilomita 50 kwa saa hubeba takribani kilojuli 145, ilhali likiwa na kilomita 25 kwa saa hubeba robo tu ya kiasi hicho. Ndiyo maana kizuizi kizito cha zege kinacholilazimisha gari kukata kona husaidia sana, hata kabla nguzo hazijasimikwa.

Nguzo za chuma zipangwe kiasi kwamba uwazi kati yake, ukipimwa kutoka ukingo hadi ukingo, usizidi meta 1.2, wala usiwe finyu kiasi cha kumzuia mtu anayetumia kiti cha magurudumu. Usikubali nguzo zilizofungwa kwa boliti juu ya vigae. Zinapendeza macho, lakini zinampa mwenye duka matumaini ya uongo. Nguzo izikwe katika msingi wa zege wenye nondo, baada ya kupata kibali cha mamlaka ya eneo na kuhakikisha kwamba hapo chini hapapiti mabomba wala nyaya. Muuzaji aonyeshe cheti cha majaribio, kwa mfano cha ISO 22343 cha mwaka 2023, kiwango cha kimataifa cha vizuizi vya kuzuia magari, kisha usome uzito wa gari lililotumika, kasi yake, na umbali lililopenya baada ya kugonga, kwa maana umbali huo ndio unaokuambia nguzo zikae mbali kiasi gani na kioo.

Usiku, ondoa bidhaa za thamani dirishani. Nguzo ikigongwa, hata kidogo, fundi aukague msingi wake, kwani zege linaweza kupasuka chini ilhali nguzo bado imesimama wima.