Kabla ya kuiunganisha kamera ya ulinzi na intaneti
Mnamo Novemba 2022 Marekani ilizuia kuidhinishwa kwa vifaa vipya vya Hikvision na Dahua, kampuni za China zinazotengeneza kamera, na mwezi huohuo Uingereza ikaziagiza wizara zake ziache kufunga katika majengo nyeti kamera za kampuni zinazobanwa na sheria ya ujasusi ya China. Hata hivyo, kubadilisha chapa pekee hakutoshi, kwani kamera nyingi huuzwa kwa jina jingine huku ndani zikiwa na programu ileile; isitoshe, kirusi cha Mirai kilichoteka vifaa vingi mwaka 2016 kiliingia kwa kujaribu tu nywila za kiwandani. La msingi ni kudhibiti mawasiliano ya kamera na nje: itenge katika mtandao wake, mbali na kompyuta na simu, kisha izuie kwenye ruta isifike intaneti, picha zikihifadhiwa katika kinasa kilichomo ndani ya jengo. Zima pia UPnP, kipengele cha ruta kinachoviruhusu vifaa kujifungulia njia ya kutoka nje bila kukuuliza. Anayelazimika kutazama akiwa mbali atumie VPN yake mwenyewe, yaani njia iliyosimbwa ya kuingia kwenye mtandao wake, badala ya seva za mtengenezaji. Masasisho ya programu ya kamera utayapakua na kuyaweka kwa mkono, usumbufu ambao kwa maoni yangu unavumilika.