Soma masharti kabla ya kusoma alama: namna ya kupima uhakiki wa gemu

Kwa miaka kadhaa mshahara wangu ulitoka kwa mchapishaji wa magemu. Kazi yangu ilikuwa kuwatumia wahakiki nakala za mapema, pamoja na barua. Barua yenyewe ilikuwa na adabu zote: salamu, shukrani, msimbo wa kupakulia gemu, kisha masharti. Lini unaruhusiwa kuchapisha. Sehemu zipi za hadithi usizitaje. Video urekodi mpaka hatua ipi. Mara nyingi tuliambatanisha na "mwongozo wa mhakiki", kurasa chache za kueleza uzuri wa gemu, asije akaupita bila kuuona.

Watu wakisikia habari hizi huniuliza moja kwa moja: kwa hiyo wahakiki wananunuliwa? Wengi niliofanya nao kazi walikuwa waaminifu, watu wa kukesha ili wamalize gemu kabla ya siku ya kuchapisha. Bahasha haikuhitajika. Ukishaamua mtu aone nini, kwenye mashine ipi na kwa muda gani, unaweza kumwachia uhuru wote wa kusema anachotaka. Mwamba ngoma huvutia kwake, na yetu iliwambwa ndani ya ile barua.

Kwa hiyo sitakufundisha kumnusa mhakiki mwongo. Nitakuonyesha jinsi ya kutafuta masharti aliyofanyia kazi, maana mengi huwa yako wazi kwa anayejua pa kutazama.

Anza na tarehe

Angalia uhakiki ulitoka lini, ukilinganisha na saa gemu lilipoanza kuuzwa. Embago, yaani tarehe ambayo kabla yake hairuhusiwi kuchapisha, si kitu kibaya. Bila hiyo kila tovuti ingekimbilia kuwa ya kwanza, na aliyecheza robo ya gemu angesomwa kuliko aliyelimaliza. Embago inayoisha siku tano kabla ya mauzo inaonyesha mchapishaji haogopi kusomwa. Ile inayoisha saa ileile duka linapofunguliwa ina maana kwamba walioagiza mapema wameshajifunga bila kusoma chochote, na mahali fulani kuna mtu aliyeipiga hesabu hiyo.

Lakini usitoe hukumu kwa tarehe peke yake. Mwaka 2016 mchapishaji Bethesda hakutoa nakala za mapema za gemu la Doom. Watu wakajiandaa kwa msiba, gemu likatoka na kusifiwa karibu kila mahali. Oktoba mwaka huohuo kampuni ikatangaza kwamba wahakiki watakuwa wanapata nakala siku moja kabla ya mauzo. Sera ile sikuipenda na mpaka leo siipendi. Gemu la saa hamsini halihakikiwi kwa siku moja. Ukikuta uhakiki wa gemu kubwa uliotoka siku ya kwanza au ya pili, tafuta mwandishi amesema alicheza saa ngapi. Asiposema, uchukulie kama maoni ya mwanzo tu, hata kama amegonga alama chini kwa wino mzito.

Mashine ipi, na picha za nani

Kama una dakika kumi tu, zitumie hapa.

Cyberpunk 2077 lilitoka tarehe 10 Desemba 2020, la kompyuta na la konsoli kwa siku moja. Wahakiki wa mapema walikuwa wamepewa toleo la kompyuta pekee. Tena hawakuruhusiwa kuonyesha picha walizorekodi wenyewe. Uhakiki wa video uliotoka kabla ya mauzo ulibidi utumie vipande vilivyotolewa na watengenezaji, CD Projekt. Alama zikapanda juu, na hazikuwa za uongo: kwenye kompyuta yenye nguvu lilikuwa gemu lenye mengi ya kusifiwa, pamoja na kasoro zake. Mwenye PlayStation 4 au Xbox One alipata kitu kingine kabisa, gemu la kukwamakwama na kujizima katikati ya misheni. Siku chache baadaye Sony ililiondoa kwenye duka lake na kuwarudishia watu pesa. Lilirudi dukani Juni 2021. Katika mkasa wote ule hakuna mhakiki aliyelazimika kudanganya hata sentensi moja.

Kwa hiyo tafuta sentensi inayotaja mashine. Waandishi makini huiweka mwanzoni au mwishoni kabisa, mara nyingi kwa herufi za mlalo. Kama mashine hiyo si unayomiliki wewe, uhakiki huo unakuhusu kwa habari za hadithi, muziki na ubunifu. Habari za kasi na kukwama hazikuhusu. Na kama gemu linatoka kwa mashine nne huku uhakiki wote wa wiki ya kwanza ukitaja mashine moja, ngoja. Sababu huwa ipo.

Kisha fungua video tatu za wahakiki tofauti na uzime sauti. Ukiona gari lilelile likikata kona ileile chini ya mvua ileile, hizo ni picha za mchapishaji. Picha za mtu anayecheza kweli huwa na uchafu wake: anakosa shabaha, anajigonga ukutani, anafungua ramani bila sababu, anaishiwa risasi wakati mbaya. Video ambamo kamera inageuka taratibu kama ya sinema na mhusika hakosei hata mara moja imepigwa na mtu anayelipwa kuipiga. Nimekaa chumba kimoja na mafundi wa kazi hiyo. Kipande cha nusu dakika kiliweza kurudiwa mchana kutwa mpaka adui aanguke upande uliotakiwa.

Trela ndizo mbaya zaidi. Aliens: Colonial Marines lilipotoka mwaka 2013 lilikuwa mbali sana na maonyesho yaliyolitangaza, na baada ya malalamiko kwa mamlaka ya matangazo ya Uingereza, mchapishaji wake, Sega, alikubali kuweka maelezo kwenye trela zake. Trela isiyotaja picha zimetoka kwenye mashine gani haina habari yoyote ndani yake. Furahia muziki, endelea na shughuli zako.

Nani amelipa, na kalipia nini

Kwenye video za watu mashuhuri wa mitandao, hatua ya kwanza ni kubonyeza pale panapofungua maelezo yote chini ya video, kabla hujatazama. Mwaka 2014 Warner Bros. iliwalipa watengeneza video, PewDiePie akiwemo, kulitangaza gemu la Middle-earth: Shadow of Mordor. Kwa mujibu wa Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, masharti yalidai video zilisifie gemu na zisionyeshe hitilafu. Kuhusu kutaja malipo, waliagizwa wayaandike kwenye maelezo ya chini, na mara nyingi maneno hayo yaliangukia sehemu isiyoonekana mpaka mtu abonyeze. Kesi iliishia kwenye makubaliano mwaka 2016. Mwandishi wa yale masharti nisingemwita mjinga. Alijua watu wangapi hubonyeza.

Mwaka uliofuata FTC ikawageukia watu binafsi. Trevor Martin na Thomas Cassell walikuwa wakijirekodi wakicheza kamari ya vifaa vya gemu la Counter-Strike kwenye tovuti ya CSGO Lotto na kushangilia ushindi, bila kueleza wazi kwamba tovuti ni mali yao.

Yapo mahusiano ya aina nyingi na hayana uzito sawa. Nakala ya bure hainisumbui, mradi itajwe; anayehakiki magemu kila wiki haonei fahari msimbo mmoja. Safari ya kulipiwa, hoteli na chakula cha jioni pamoja na watengenezaji, hiyo inalainisha ulimi taratibu bila mwenyewe kujua. Kiungo cha kununulia kinachomletea mwandishi kamisheni kina mwelekeo wake: hulipa ukinunua, hakilipi ukiahirisha. Msimbo wa mtengeneza video unaouandika ndani ya duka la gemu naupa uzito mkubwa zaidi, kwa sababu mwenye msimbo hupata sehemu ya kila unachonunua kwa kuutumia, mwezi hadi mwezi. Hawezi kuwa msuluhishi wa malalamiko yako kuhusu bei za duka hilo. Video iliyolipiwa moja kwa moja ni tangazo, hata kama mtu anacheka kwa dhati.

Jihadhari na maneno yenye ukungu. Neno "shukrani" likisimama peke yake, au "balozi", au "mshirika", halikwambii kama pesa zimepita, na FTC yenyewe inawashauri watengeneza maudhui wasiyategemee hayo. Sentensi safi ni fupi: "Kampuni fulani imenilipa kutengeneza video hii." Isemwe kwa mdomo mwanzoni, si kuandikwa kwa sekunde mbili pembeni.

Alama

Hapa sitakaa sana. Alama ina wateja wengine zaidi yako. Obsidian waliotengeneza Fallout: New Vegas walikuwa na ahadi ya bonasi endapo gemu lingefika wastani wa 85 kati ya 100 kwenye Metacritic, tovuti inayokusanya alama za wahakiki. Lilipata 84. Mwaka 2007 GameSpot ilimfukuza kazi Jeff Gerstmann muda mfupi baada ya kuipa Kane & Lynch: Dead Men alama 6 kati ya 10, huku kurasa za tovuti zikiwa zimepambwa na matangazo ya gemu hilohilo; mwaka 2012 alieleza hadharani kwamba wakubwa walikuwa wamebanwa na watangazaji. Ndiyo maana mimi huanza na aya za katikati, kisha natafuta uhakiki mwingine uliotofautiana na wa kwanza kwa alama tatu kati ya kumi au zaidi. Mambo ambayo wote wawili wanayataja, mmoja akiyapenda na mwingine akiyachukia, ndiyo yaliyomo ndani ya gemu. Mengine ni ladha.

Usipuuze kimya pia. Tovuti inayoandika habari za kila gemu ikikosa uhakiki wa moja kubwa siku ya kutoka, huenda haikutumiwa nakala. Novemba 2015 Kotaku iliwaeleza wasomaji wake kwamba Bethesda na Ubisoft zilikuwa zimeacha kushirikiana nayo baada ya kuchapisha habari zilizovuja. Ningesoma uhakiki wa waliochelewa namna hiyo kwa makini zaidi, kwani walinunua nakala yao dukani kama wewe.

Rudi baada ya wiki chache

Uhakiki hupiga picha siku moja; duka la ndani ya gemu linaweza kufunguliwa siku nyingine. Crash Team Racing Nitro-Fueled lilitoka Juni 2019, likahakikiwa, likasifiwa. Agosti ikatangazwa kwamba sarafu za ndani ya gemu zingeanza kuuzwa kwa pesa halisi. Maandishi ya Juni hayakuwa na njia ya kukuonya.

Kwenye Steam, duka la mtandaoni la magemu ya kompyuta, badilisha mpangilio wa maoni ya wachezaji uone ya karibuni kwanza, na angalia alama inayosema mtu alipata bidhaa bure. Tangu Septemba 2016 maoni ya waliotumia misimbo ya nje ya duka hilo hayahesabiwi kwenye wastani, kwa sababu misimbo ilikuwa ikigawiwa kwa wingi ili kunyanyua alama.

Gemu likiuza masanduku ya bahati, yale unayolipia bila kujua utapata nini ndani, tafuta uwezekano wa kupata kila kimojawapo cha vilivyomo, ulioandikwa kwa asilimia. China ililazimisha utangazwe kuanzia Mei 2017, Apple ikaweka sharti lake Desemba mwaka huo, na Korea Kusini sheria yake ilianza Machi 2024. Miezi miwili kabla, mamlaka ya ushindani ya Korea iliitoza kampuni ya Nexon faini ya won bilioni 11.6, kwa kuwa katika gemu lake la MapleStory uwezekano wa kupata matokeo yanayotafutwa sana ulipunguzwa bila wachezaji kuambiwa. Asilimia zisizotajwa popote zichukulie kuwa mbaya.

Kama wewe ndiye unayehakiki

Weka masharti yako juu, kwa maneno ya kawaida. Unaweza kunakili haya na kubadilisha:

"Nakala nimepewa bure na mchapishaji; hakuna aliyenilipa. Nimecheza saa 22 kwenye PlayStation 5 na sijamaliza. Duka la ndani na mchezo wa mtandaoni vilikuwa bado havijafunguliwa, kwa hiyo sivizungumzii. Video zote nimerekodi mwenyewe. Nilizuiwa kuonyesha sura mbili za mwisho."

Sentensi ya mwisho ndiyo wanayoiruka wengi, ilhali ndiyo msomaji hawezi kuijua kwingine. Mkataba ukikukataza hata kusema kwamba kuna jambo umekatazwa, mwandikie aliyekutumia na umwombe akuruhusu kulisema. Mimi nilipokuwa upande huo nilipokea maombi ya namna hiyo mara chache sana, na yote niliyoyapeleka kwa wakubwa yalikubaliwa. Hatukuwa tumetarajia mtu aulize.

Ukishanunua

Steam hurudisha pesa ukiomba ndani ya siku 14, mradi hujapitisha saa mbili za kucheza. Zipangie. Usizimalize kwenye kuchonga pua ya mhusika. Fika haraka sehemu yenye watu wengi au mapigano makubwa, maana huko ndiko mashine huelemewa. Fungua duka la ndani uone bei. Kata intaneti kidogo ujue gemu la peke yako linakataa kucheza au la. Na ukiinuka kwenda kula, funga gemu kabisa, kwa sababu saa huendelea kuhesabu hata likiwa limesimamishwa.